Mchuzi Usio na Maziwa

Nitaanza na mchuzi wenyewe, maana ndio ninaoujua kuliko kitu kingine chochote, na ndio ulioniponza.

Unachukua kipande cha boga, viazi mviringo viwili, kitunguu kizima na punje nne za kitunguu saumu, unachemsha vyote mpaka uma uzame bila kusukumwa. Karanga mbichi umezilowesha tangu jana yake. Unazimenya ngozi moja moja, na hapo ndipo wavivu wanapojulikana, kwa sababu ngozi ikibaki mchuzi unatoka na rangi ya maji ya kufulia. Unazisaga na maji kidogo, unakamua kwenye kitambaa safi, unapata tui jeupe. Tui hilo unalichemsha peke yake hadi harufu ya ubichi iishe, ndipo unalichanganya na zile mboga zilizosagwa, chumvi, na matone mawili ya limao. Ukimaliza, hakuna mtu atakayeamini kwamba hujatia krimu. Unamwagia juu ya tambi, unanyamaza, unamwangalia mtu anavyokula.

Ninapika kwenye nyumba ya wageni Biharamulo. Wanakuja watu wa kuangalia wanyama hifadhini, na miongoni mwao wapo wasiogusa chochote kilichotoka kwa mnyama: si nyama, si yai, si maziwa, hata asali wanaikataa. Jikoni tuliwacheka mpaka tukachoka, tukawapikia. Aliyenifundisha alitumia korosho, na korosho hadi zifike huku kwetu zimeshachoka na safari. Karanga ni akili yangu mwenyewe. Nalisema hilo ili ijulikane tangu mwanzo kwamba nilikuwa na kiburi na kile chakula.

Mama yangu aliusikia mchuzi huo miaka mingi kabla ya kuuonja. Kila nilipokwenda nyumbani Mugoma, na sikwenda mara nyingi, aliniuliza wageni wangu wanakula nini. Neno tambi lilimchekesha. Yeye tambi alizozijua ni za taa ya chemli, zile unazokata kwa mkasi zikianza kutoa moshi. "Mnawapa watu tambi za taa?" aliuliza, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akaenda kanisani kuwatangazia wenzake kwamba mwanawe anapika chakula cheupe cha wazungu kisicho na tone la maziwa. Hakuwahi kuniomba nimpikie. Mimi nami sikujitolea. Nikifika nyumbani nilikuwa nimechoka na majiko, nikala alichopika yeye.

Chakula kilipoanza kumkwama kooni tulidhani ni vidonda vya tumbo. Hospitali kubwa walituambia ni uvimbe kwenye mrija wa chakula, umeshakua, hapana cha kukata. Mpelekeni nyumbani, walisema, mpeni chochote anachoweza kumeza. Zahanati ya jirani walimfungulia daftari la kawaida la shule, na mhudumu aliyepita kumwona aliandika maneno mawili: "Mgonjwa hali." Nilipofika nyumbani nikalisoma daftari lile, nikaona mwandishi kaishia njiani. Nikageuza ukurasa nitafute hali gani, mbaya au ya wastani. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyenitoa ushamba.

"Hali chakula, wifi. Ndiyo sentensi nzima hiyo."

Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki tatu. Nikakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda na lile daftari mapajani, nikaona wiki tatu ni nyingi mno au ni chache mno, na sikutaka kujua ni ipi.

Kitu kimoja tu kilipita kooni bila ugomvi, nacho ni maziwa. Baba ana ng'ombe mmoja, na alikuwa amezaa karibuni. Alimkamua mwenyewe asubuhi na jioni, akayachemsha yale maziwa kwa shingo upande kwa sababu zahanati waliagiza, akayapoza, akamletea mama nusu kikombe. Baba si mtu wa maneno. Katika maisha yangu yote sikumbuki kumwona akimwambia mama neno tamu. Lakini alipoleta kikombe alikaa ukingoni mwa kitanda akaeleza habari za ng'ombe: leo amekula vizuri, leo ndama amejikwaa, leo amegoma kusimama. Mama alikunywa kidogo kidogo akisikiliza. Kikombe kilipokwisha habari nazo ziliisha, baba akaondoka. Niliwaangalia siku mbili za kwanza nikawaona wazee wawili wanajadili mfugo. Nilikuwa na macho lakini sikuona.

Siku ya tatu mama aliniita. Nyumbani tunasema Kihangaza, ila siku hiyo alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu alichotaka kilikuwa cha huko kazini kwangu.

"Nipikie kire chakura cha wageni wako."

Kiswahili cha mama l na r zilikuwa zikibadilishana viti zinavyotaka. Tulipokuwa wadogo tulimcheka. Siku hiyo nilitoka nje haraka, nikasimama nyuma ya jiko nikalia, kisha nikaanza kutafuta boga.

Sasa nilieleze lile la karanga, maana bila hilo yaliyobaki hayana maana. Kwetu, aliyekula karanga hanywi maziwa siku hiyo hiyo. Akichanganya, anayeumia si yeye, ni ng'ombe: chuchu zinapasuka, maziwa yanatoka na damu. Wengine siku hizi hawajali. Wazazi wangu walijali. Utotoni, siku tuliyochimba karanga shambani, kikombe cha maziwa kilikupita puani kikaenda kwa mwingine, na ole wako udanganye, ng'ombe atakuumbua. Ni jambo la siku moja tu. Kesho yake umesafishika, unakunywa kama kawaida.

Mimi nilikuwa nimeishi kwenye majiko ya watu kwa muda mrefu. Niliona ni mambo ya kale. Nikapiga hesabu ya mpishi: mchana nimpe mchuzi wenye karanga, wenye mafuta, wenye nguvu, asubuhi na jioni anywe maziwa ya baba. Vyote viwili viingie mwilini. Nikimwambia, atakataa kimoja. Basi nisimwambie.

Blenda haikuwepo. Nilitumia kinu na jiwe la kusagia la mama mwenyewe. Wifi, ambaye ni Msukuma wa Nyarubungo na hana breki mdomoni, alinikuta namenya ngozi.

"Wifi, karanga? Na maziwa ya mzee je?"

"Kwani atajua?"

Aliniangalia, akaangalia kinu. "Haya. Mimi simo," akasema, akaenda kuchota maji.

Tambi nilizichemsha mpaka zikavurugika. Kazini wangenifukuza. Wageni wanataka tambi inayosimama kidogo kwenye jino, mimi nilitaka tambi isiyokumbuka kwamba iliwahi kuwa ngumu. Nikazikata kwa kijiko, nikauchuja tena mchuzi kwa chujio la chai ili kusibaki hata chembe, ndipo nikaumwagia juu. Rangi yake ilitoka kama dang'a, yale maziwa mazito ya ng'ombe aliyezaa jana. Nikafurahi nilipoiona ile rangi. Naona aibu sasa, lakini nilifurahi.

Mama alichukua kijiko cha kwanza akakiweka mdomoni, akafumba macho. Alikaa nacho muda. Nikajua kinakwama. Hakikukwama. Alimeza, akafumbua macho, akaniangalia.

"Umetia nini?"

"Boga, viazi, kitunguu, kitunguu saumu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akafungua mdomo kwa kijiko cha pili. Alikula vijiko tisa. Nilitoka na bakuli tupu nikalipitisha mbele ya wifi kama mtu aliyeshinda mbio, naye akasonya.

Jioni baba alileta maziwa. Mama alisema yameingia moshi. Baba akanusa, akasema hayana moshi. "Kwangu yana moshi," mama akasema. Baba akakaa hivyo hivyo na kikombe mkononi, akaanza habari za ndama, lakini habari bila kunywa hazikwenda mbali. Akatoka. Nilimwona uani akiyanywa mwenyewe amesimama.

Kesho yake nilipika tena, mama akala tena. Akauliza tena. "Leo umetia nini?" Nikataja boga, viazi, kitunguu, kitunguu saumu. "Ni hayo tu?" Ni hayo tu. Jioni maziwa yalimchefua. Siku iliyofuata yalikuwa na chumvi. Iliyofuata alisema ameshiba. Asubuhi nako alianza kusema, "Nasubiri cha mwanangu," na kikombe kikarudi kilivyokuja. Baba alikuwa anakaa nacho hadi utando ukaganda juu, ndipo anainuka.

Nilifikiri nini? Nitasema kweli, sina cha kuficha tena. Nilifikiri ugonjwa umemgeuza ulimi, maziwa yamemshinda, na kinachomweka hai ni mkono wangu. Kichwa kikanivimba. Miaka yote nilipika kwa ajili ya watu waliosema asante wakaondoka na magari yao, na sasa nilikuwa nampikia mama yangu, na mama yangu hataki kingine. Nilipenda hata lile swali lake la kila siku. Nilidhani anafurahia kusikia orodha, kama mtoto anayetaka hadithi ile ile irudiwe. Nikaanza kuitaja kwa madoido.

Wifi alijaribu mara moja. Tulikuwa tunaosha vyombo. "Mwambie mama," alisema.

"Nimwambie aache kula?"

"Mwambie tu. Anakuuliza kila siku, wifi. Mtu haulizi kila siku kitu asichokijua."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Hakurudia.

Siku ya kumi na moja ilibidi niende Biharamulo kuomba niongezewe likizo. Nikalala huko, nikarudi kesho yake mchana na mfuko wa tambi na karanga mpya. Wifi alinipokea mlangoni.

"Jana kala uji kidogo. Jioni kanywa maziwa ya mzee, kikombe kizima. Wamekaa na mzee mpaka giza, wanaongea, hata kucheka wamecheka."

Nilipaswa kuelewa hapo. Mtu mwingine yeyote angeelewa. Mimi niliumia. Niliona kama nimeibiwa, nikasema, "Basi leo atatapika," nikaingia jikoni nikalowesha karanga nyingi kuliko kawaida, kwa maji ya moto, ili ziwahi.

Jioni ile mama alikataa maziwa. Baba alipotoka na kikombe nilimfuata uani.

"Baba, samahani. Nakuomba usimsumbue mama na maziwa. Yanamchefua. Mchuzi ndio anaouweza."

Alikuwa amesimama karibu na jiko. Sufuria yangu ilikuwa mezani haijaoshwa. Aliangalia sufuria, kisha akaniangalia mimi, kwa muda.

"Nitaleta," alisema. "Siku ambayo atataka, ayakute."

Nikaona ni ukaidi wa wazee. Nikamlaumu moyoni kwamba anamlazimisha mgonjwa.

Vijiko tisa vilikuja kuwa sita, vikawa vinne. Nikafanya mchuzi mwepesi zaidi, nikaacha tambi kabisa, nikaongeza tui la karanga. Nikachuja mara tatu. Mwisho mama alikuwa ananyonya kijiko tu, mchuzi ukimtoka pembeni ya mdomo, nami nampangusa kwa kanga. Sauti ilikuwa imeshuka hata ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Bado aliuliza. Siku ya mwisho kula aliinua vidole viwili kutoka kwenye blanketi, maana yake umetia nini, na mimi mjinga nikataja boga, viazi, kitunguu, kitunguu saumu. Midomo ikauliza, ni hayo tu? Nikasema ni hayo tu. Akanipapasa mkono.

Alifariki asubuhi ya siku ya pili yake, baba akiwa zizini. Nilikwenda kumwita. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe na chombo katikati ya magoti. Nilipomwambia hakuinuka mara moja. Alimaliza kukamua, kwa sababu ng'ombe huachi nusu, kisha akafunika chombo, akanipa nikishike, akaingia ndani.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya siku kumi na saba, na hakuna aliyenifukuza. Nilifika mwisho wake kwa miguu yangu. Siku ya tatu baada ya mazishi, majirani walipopungua, nilikaa na baba barazani. Nilikuwa nataka kusifiwa. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka mtu aseme nilimtunza vizuri. Nikamwambia, "Angalau mchuzi ulimsaidia, baba. Maziwa yalikuwa yamemshinda."



"Hayakumshinda," baba alisema. "Alijua tangu kijiko cha kwanza. Alilima karanga miaka arobaini, asizijue?"

Nikauliza kwa nini mama hakusema.

"Nilimwambia aseme. Akasema, nikimwambia nitamwaibisha, na ametoka mbali kunipikia. Akasema, namuuliza kila siku, siku moja atasema mwenyewe. Akishasema, tutapanga zamu. Leo chakula cha mtoto, kesho maziwa yako." Aliinama akaokota jani kavu la mgomba, akaanza kulichana. "Alitaka vyote viwili. Yalikuwa ni mambo ya kupokezana siku tu."

"Na wewe ukawa unaleta kila siku."

"Sikujua ni lini hutaupika mchuzi wako."

Nimejaribu kujitetea kwa njia zote. Nimejiambia angekufa tu, na ni kweli, uvimbe haukusubiri karanga wala maziwa. Nimejiambia alikula, alishiba, alifurahia chakula alichokisikia kwa miaka. Hilo nalo ni kweli. Lakini jioni moja tu kati ya zote zile ndiyo wazee wale walikaa pamoja mpaka giza wakacheka, nayo ni ile ambayo mimi sikuwepo. Nyingine zote nilizila mimi, kwa kijiko, na kuita upendo. Nafikiri ulikuwa upendo. Ndiyo sababu inauma.

Kazini nilirudi. Mchuzi bado naupika, wageni bado wanausifu. Mgeni mmoja aliniuliza ndani kuna nini, nikataja karanga kwanza kabla ya kitu kingine, kwa sauti kubwa hata mhudumu aliyebeba trei akageuka.

Lakini kabla ya kuondoka nyumbani lilitokea jambo moja dogo. Ilikuwa jioni yangu ya mwisho Mugoma. Mchana wifi alikuwa amepika kisamvu cha karanga, tukala wote isipokuwa baba. Jua likielekea kuzama baba alitoka zizini na kikombe, akakipeleka moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha mama. Hapo akasimama. Nadhani miguu ilikuwa imezoea. Akageuka, akanikuta nimekaa barazani, akaja na kile kikombe hadi mbele yangu, lakini hakunipa.

"Leo umekula karanga?" aliuliza.

Maziwa yalikuwa bado yanatoa mvuke. Nilikuwa nimeyatamani tangu nilipofika, na hata siku moja sikuwa nimeonja.

"Nimekula, baba."

Aliitikia kwa kichwa, bila hasira, akakivuta kikombe kifuani kwake.

"Basi utakunywa kesho," alisema. Gari langu lilikuwa linaondoka alfajiri, kabla ya kukamua.